Nchi Iliyonunuliwa na Nchi Zilizotemwa

Uliye Somanda unafungua duka, uliye Dutwa umeshika jembe, na wewe dereva uliyesimama Lamadi ukingoja abiria wajae: leo nina habari ya mbali kidogo, ila itaturudisha nyumbani.

Ipo nchi Ulaya inaitwa Liechtenstein. Imebanwa milimani kati ya Uswisi na Austria. Kutoka mpaka wa kaskazini hadi wa kusini ni kilomita kama 25, yaani ukitoka hapa Bariadi kwenda Maswa, ukifika kama nusu ya safari ungekuwa umeshaimaliza. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 160. Mkoa wetu wa Simiyu unaimeza kama mara 150. Watu wake ni kama 40,000. Ina mtawala wake wa ukoo, ina bunge lake, na pale Umoja wa Mataifa inakalia kiti sawasawa na Tanzania.

Sasa sikiliza ilivyozaliwa. Ukoo wa Liechtenstein ulikuwa wa matajiri wenye mashamba kwingine kabisa. Walichokitaka ni kiti katika baraza kuu la Dola Takatifu ya Kirumi, na kiti hicho hakipatikani bila ardhi iliyo chini ya Kaisari moja kwa moja, isiyo na bwana mwingine katikati. Mwaka 1699 wakanunua eneo la Schellenberg, na mwaka 1712 wakanunua Vaduz. Mwaka 1719 Kaisari Karl VI akaviunganisha vipande hivyo viwili na kuvipa jina la ukoo. Kwa zaidi ya miaka 100 baada ya hapo, hakuna hata mtawala mmoja aliyekwenda kuitazama nchi yake akiwa kwenye kiti. Aliyehamia huko na kuishi ni Franz Joseph II, mwaka 1938! Sijui wakwe zetu wangesema nini juu ya mtu anayetoa mahari kisha haonekani zaidi ya miaka 100.

Babu zetu hawakununua. Usukumani mtawala aliitwa ntemi, kwa Kiswahili mtemi, na wazee wengi wanalitoa jina hilo kwenye kutema, kukata, kama mtu anavyotema kuni. Ni yule aliyetangulia kukata pori watu wakapata pa kulima. Wengine husema ni mkata mashauri. Vyovyote iwavyo, tawala hizi zilikuwa nyingi na ndogo ndogo, karibu 50 katika Usukuma mzima, na za huku kwetu unazijua bila kujua kwamba unazijua: Ntuzu, Itilima, Kanadi, Mwagala, Meatu. Nyumba ya mtemi iliitwa ikulu. Ndiyo, ikulu hiyo hiyo unayoisikia kwenye taarifa ya habari.

Na usidhani mtemi alijiamulia. Walikuwapo banang'oma, wazee wa ngoma za utawala, na hao ndio waliomchagua. Zamani, katika tawala nyingi, hawakumtafuta mwanawe. Walimtafuta mpwa wake, mtoto wa dada yake, maana damu ya dada haina shaka. Chini yake walikuwapo banangwa wa vijiji. Na pembeni alisimama nsumba ntale, kiongozi wa vijana, ambaye nguvu zake hazikutoka ikulu, zilitoka kwa vijana wenyewe wanaolima kwa zamu.

Kisha mvua. Mtemi alibeba mvua ya nchi yake mabegani. Ikinyesha, sifa ni zake. Ikikatika mtama ukiwa magotini, watu walianza kumtazama vingine, na ukame ukizidi banang'oma waliweza kumwondoa wakaweka mwingine. Msomi wa leo atacheka kwamba mtu hawezi kudaiwa mawingu. Mimi sicheki. Naona palikuwa na deni kati ya mtawala na watu wake, na deni hilo lilikuwa na siku ya kulipwa.

Waingereza ndio waliolivuruga. Sheria yao ya mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilimfanya mtemi kuwa mkono wa serikali: anakusanya kodi, anaendesha baraza, analipwa mshahara. Mwaka 1946 watemi wa Usukuma wakaunganishwa katika shirikisho lenye makao Malya, hiyo hiyo Malya ya chuo cha michezo. Mtemi Majebere wa Mwagala, mtu wa huku kwetu, alikuwa miongoni mwa vigogo wake. Lilikuwa jambo kubwa, sikatai. Lakini baada yake ukaja mpango wa kuendeleza Usukuma, na mpango ukaja na amri: uza ng'ombe upunguze mifugo, lima matuta hivi, usilime pale. Asiyetii anapelekwa barazani kwa mtemi kupigwa faini. Mwambie Msukuma apunguze ng'ombe, halafu uone atakavyokutazama. Kwa hiyo yule aliyekuwa anadaiwa mvua na watu akawa anawadai watu ng'ombe kwa niaba ya bwana shauri. Vijana wakahamia kwenye vyama vya ushirika wa pamba pamoja na akina Paul Bomani, na kwenye chama cha TANU, ambacho kilikuwa kimepigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa kuanzia mwaka 1954 hadi 1958.

Ndiyo maana Serikali ya Tanganyika huru ilipoufuta uchifu kwa sheria mwaka 1963, vumbi halikutimka sana. Na aliyekuwa akiongoza nchi, Mwalimu Nyerere, mwenyewe alikuwa mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Wapo wanaolaumu sheria ile mpaka leo. Kwa maoni yangu, ilizika kilichokuwa kimeshakata roho.

Kule milimani ilikuwaje? Mwaka 1868 Liechtenstein ilivunja jeshi lake, kwa sababu ni gharama. Miaka miwili kabla, lilikuwa limetuma askari 80 kulinda njia ya mlimani, na hadithi husema walirudi 81, maana walipata rafiki njiani. Mwaka 2003 mtawala wao Hans-Adam II alitaka katiba imwongezee mamlaka, akatishia kuhamia Vienna wananchi wakimkatalia. Wakakubali. Ila katiba hiyo hiyo inawapa wananchi haki ya kupiga kura ya kutokuwa na imani naye, na hata kuufuta utawala wa ukoo wake. Hapo ndipo nilipowakumbuka banang'oma.

Siku hizi machifu wamerudi majukwaani. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa mkoani Mwanza akapewa jina la Chifu Hangaya. Ngozi, usinga na ngoma vinapendeza, na mimi hupiga makofi kama wengine. Lakini mkutano ukishakwisha sijasikia mtu akiuliza nani anaweza kumwondoa chifu, na kwa kosa gani. Tumechukua vazi, banang'oma tumewaacha porini.

Majina yamebaki, hayo hayakufutwa. Itilima ni wilaya tangu mkoa huu uanzishwe mwaka 2012. Meatu ni wilaya. Ntuzu na Mwagala ni tarafa, na kila moja ina afisa tarafa wake, ambaye huteuliwa kutoka juu. Mvua ikichelewa, hakuna anayekwenda kumgongea mlango.