Nani Yuko Kazini Saa Nane ya Usiku?
(Mazungumzo mbele ya mkutano mkuu wa chama, kabla ya kura juu ya mpango wa dharura)



Kamati iliniomba niseme kidogo juu ya mpango wa dharura mnaotaka kupigia kura. Nimeusoma wote. Uko na kurasa tatu juu ya vifaa: megafoni, mitumbwi, klorini, mahema. Juu ya watu uko na mstari mmoja tu: "wanamemba watasaidia." Leo ninataka tuzungumze juu ya ule mstari.

Nitachukua mfano wa mbali, vituo vya umeme wa nyuklia. Sisi huku Congo hatuna kituo kama hicho. Lakini ni kazi chache duniani ambazo watu wameandika mipango ya dharura kwa makini namna ile. Na hata wao, siku ya shida, swali liliwarudia lile lile: nani yuko?

Kwanza tuelewane. Mionzi haionekani, hainuki, haiumi siku ile ile. Fundi anayeingia kufunga bomba hawezi kujua kama mahali pale ni pa hatari. Anahitaji mtu wa usalama wa mionzi. Mtu huyo anapima kabla fundi hajaingia, anamwambia akae dakika ngapi, anaangalia kipimo wakati wa kazi, anamkagua akitoka, tena anaandika kiasi alichopokea. Bila yeye, fundi ni kipofu. Na kama fundi haingii, mtambo unaendelea kuharibika.

Tarehe 28/3/1979, kituo cha Three Mile Island kule Marekani kilipata ajali. Ilianza yapata saa kumi ya alfajiri, saa ambayo wakubwa wote wako nyumbani. Baada ya hapo, mwezi wa 11, 1980, serikali ilitoa mwongozo wenye jedwali la watu. Jedwali lile liliuliza mambo matatu: nani lazima awe kazini saa zote, usiku na mchana? Nani anaongezeka ndani ya dakika 30? Nani ndani ya dakika 60? Kwa kuwalinda wafanyakazi na mionzi ndani ya kituo, waliandika watu wawili kwa kila zamu. Lakini waliruhusu wawili hao wawe watu wenye kazi nyingine pia. Kwenye karatasi wako wawili. Usiku wa ajali mmoja anaweza kuwa ameshika kazi nyingine, na hesabu haitimii. Ndiyo maana mwezi wa 11, 2011, sheria ilibadilishwa: kila kituo kilitakiwa kuchunguza watu wake wa zamu na kuonyesha kwamba hakuna aliyepewa kazi mbili zinazogongana saa ya dharura.

Mwaka ule ule wa 2011 dunia ilikuwa imeona Fukushima, Japani. Tarehe 11/3, saa nane na dakika 46 mchana, nchi ilitetemeka. Chini ya saa moja baadaye maji ya bahari yakaingia kituoni na umeme ukakatika. Kituo kilikuwa na vipimo vya mfukoni karibu 5,000, vile vinavyolia mionzi ikizidi. Maji yaliharibu karibu vyote, vikabaki kama 320. Basi kwa kazi nyingine kiongozi wa kikundi ndiye alivaa kimoja, wenzake wakaandikiwa kiasi chake. Ni mwanzoni mwa mwezi wa 4 tu ndipo kila mtu alipata chake tena.

Tarehe 24/3 mafundi watatu walikuwa wanavuta nyaya chini ya jengo la mtambo wa tatu. Walikanyaga maji yenye mionzi mikali, wawili wakiwa na viatu vifupi. Vipimo vyao vililia. Walidhani vimeharibika, wakaendelea na kazi. Upimaji waliotegemea ulikuwa wa siku iliyotangulia, wakati maji yalikuwa kidogo. Kila mmoja alipokea zaidi ya milisiverti 170, wakati kipimo cha kawaida cha dharura kilikuwa 100, nacho kilikuwa kimepandishwa mpaka 250 siku chache mbele. Mnaona? Chombo kilikuwako, tena kilifanya kazi yake. Kilichokosa ni mtu wa kupima saa ile ile na kusema: tokeni.

Nje ya kituo pia ilikuwa vile. Kule jimboni, katika mashini 24 za kupima mionzi, 23 zilinyamaza. Ofisi ya dharura ilijengwa kilometa 5 tu na kituo, bila vichujio vya kuzuia mionzi. Watu wengi waliopangwa kukutana pale hawakufika, na tarehe 15/3 waliobaki walihamia mjini Fukushima. Wakimbizi walipaswa kupimwa mwili mmoja mmoja. Mpaka mwisho wa mwezi wa 5 walipimwa karibu watu 200,000. Fikirini ni mikono mingapi inahitajika, na mikono ile haiwezi kutoka kwa wale waliobaki kituoni kupigana na mtambo.

Waliolipa zaidi ni wagonjwa na wazee. Mahospitali na nyumba za wazee ndani ya kilometa 20 zilihamishwa haraka, wengine bila munganga wa kuwasindikiza. Mpaka mwisho wa mwezi wa 3 walikuwa wamekufa watu wasiopungua 60. Si mionzi iliyowaua. Ni safari bila watu wa kuwahudumia.

Lakini kuna mji mmoja, Miharu. Tarehe 15/3 viongozi wake waliona upepo unaelekea kwao na mvua inakuja. Amri ya juu haikuwa imefika. Waliamua wenyewe kugawia wakaaji dawa ya ayodini. Jimbo likawaambia wairudishe, wakakataa. Waliweza kwa sababu walikuwa na watu pale pale, wanaojua dawa iko wapi, nyumba ni zipi, na nani ana ruhusa ya kuamua.

Sisi tuliorudi tutaelewa na mwisho wa habari hii. Watu wa Naraha waliruhusiwa kurudi 2015, sehemu za Namie 2017, sehemu za Okuma 2019, na sehemu ya Futaba 2022. Wengi hawakurudi. Wanaorudi wanauliza kama sisi tulivyouliza kuvuka ziwa: maji haya ni mazuri? Shamba hili mtoto anaweza kuingia? Namba peke yake haijibu. Inatakiwa mtu wanayemwamini, akae nao, asome kipimo mbele yao, tena arudi kesho.

Sasa nirudie mpango wetu. Maji yakipanda usiku, au kipindupindu kikiingia kartie, megafoni haitajishika yenyewe. Ninawaomba muongeze ukurasa mmoja kabla ya kura, wenye mambo manne. Moja: jina la mtu kwa kila kazi, hapana "wanamemba". Mbili: yuko wapi usiku, na anafika ndani ya dakika ngapi. Tatu: nani anashika nafasi yake akiwa shambani au akiugua. Ine: mtu mmoja asiandikwe kwa kazi mbili za saa moja. Mama anayechanganya klorini hawezi tena kuwa ndiye anayebeba wagonjwa.

Na ninyi wafadhili, niseme wazi kwa heshima. Mnapenda kulipia vitu, kwa sababu kitu kinapigwa picha. Tunawaomba mlipie pia watu: uniti za simu, mafunzo kila miezi mitatu, posho ndogo ya anayelala zamu. Fukushima walikuwa na vipimo 5,000.

Bandugu, tukipiga kura leo bila ukurasa ule, tutakuwa tumenunua vitu tu. Tuuandike kwanza, hata kama kikao kitaenda mpaka jioni.