Ordinateri yetu: tuondoe nini, tuache nini
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Kalemie)



Ordinateri hii ndiyo inachunga orodha yetu na michango ya kila mmoja. Lakini mega tunazonunua kwa michango hiyo zinaisha mbio. Sababu moja: kiwanda kiliweka ndani programu ambazo hatukuomba: michezo, maduka, antivirusi ya kujaribisha. Zinajiwasha zenyewe, zinakula mega na batri.

Si mega tu. Mwaka 2014 Lenovo iliuza ordinateri zenye programu Superfish; 2015 ikajulikana kama iliachia wezi mlango wa kusoma siri za mtu kwenye intaneti.

Basi, kwanza tukopie orodha kwenye kle USB. Halafu tufungue Paramètres, tuingie Applications, tuchague moja moja, tubonyeze Désinstaller. Antivirusi ile ikitoka, ya Windows yenyewe inashika kazi. Lakini zenye jina Intel ao Realtek tusiziguse: sauti ao Wi-Fi inaweza kukufa. Usiyoijua, uliza kwanza, usifute.