Mgeni wa Gredi ya 10 Anahitaji Mwenyeji



Mwanafunzi aliyeingia Gredi ya 10 Januari 2026 amekuta shule yenye pengo. Watahiniwa wa mwisho wa KCPE walifanya mtihani mwaka 2023, hivyo mwaka 2025 hakuna Kidato cha Kwanza kilichopokelewa, na mwaka huu hakuna Kidato cha Pili. Waliomtangulia ni Kidato cha Tatu na cha Nne, wote wa 8-4-4.

Pengo hilo si dogo. Ajuaye machozi ya wiki ya kwanza bwenini ni yule aliyeyafuta mwaka jana, naye hayupo. Tena mgeni huyu alisoma Gredi ya 7 hadi ya 9 katika shule ya karibu na kwao. Mtoto wa Siakago au Maua huenda hajawahi kulala mbali na mamake.

Shule nyingi, hasa za wasichana, zina desturi ya "mama wa shule". Mkubwa humpokea mdogo, akamwonyesha foleni ya maji, namna ya kutunza sanduku, na mwalimu wa kuendea. Haigharimu hata shilingi. Lakini ipo desturi nyingine: mgeni huitwa "mono", hufulishwa nguo za wakubwa, hunyang'anywa sukari na pesa. Zote mbili huanza kwa maneno yale yale: "Huyu ni wangu." Kwa hiyo mwalimu ajue nani amepewa nani, na amuulize mdogo akiwa peke yake, kila wiki.

Wameru na Waembu wanalijua hili tangu jandoni. Kijana huwekewa mlezi hadi apone, na familia makini humchagua mlezi huyo, maana wahuni wakiachiwa chumba hicho, kijana hupigwa na kuporwa.

Wapo wasemao viranja wanatosha. Kiranja huandika majina ya wachelewaji. Ni vigumu mtoto kumlilia anayeandika jina lake. Na kumrundikia kiranja mamlaka kuna hatari yake. Mei 1999, viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri walichomwa chumbani mwao na wanafunzi wenzao, wakafa.

Mlezi asiahidi kuficha kila siri. Kipigo, ujauzito, au mtoto kusema hataki kuishi, hayo hupelekwa kwa mwalimu siku hiyo hiyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa kwa namna yoyote, mwili au akili. Uchaguzi wa mkondo wa masomo nao uachiwe walimu. Wa 8-4-4 hakuupitia.

Januari 2027 wageni wa leo watakuwa Gredi ya 11, nao watapokea wengine jinsi walivyopokelewa.

Mzazi akienda kumtembelea mwanawe, amuulize: "Ukipatwa na shida usiku, unamwamsha nani?" Asipotaja jina, mzazi apite kwa mwalimu wa bweni kabla ya kurudi nyumbani.