Tulijaribu Lango Kabla ya Kulitegemea
(Maelezo yaliyotolewa kwa kamati za parokia na wafadhili)



Baadhi yenu mmeuliza kwa nini makadirio ya kazi za kompyuta yana siku za fundi zilizotengwa kwa ajili ya majaribio. Leo tunapenda kulijibu swali hilo.

Siku hizi seva nyingi haziandaliwi kwa mkono, moja baada ya nyingine. Fundi huandika maelezo katika faili, na programu kama Terraform huyasoma na kuandaa seva, hifadhi ya taarifa na mtandao wake. Faili moja hutumika mara nyingi. Kinachobadilika ni tarakimu na majina machache, kama tunavyojaza vocha ya malipo. Kazi huenda haraka, lakini kosa la kujaza nalo huenda haraka vile vile.

Tarehe 28 Februari 2017, fundi wa Amazon huko Marekani alikusudia kuondoa seva chache. Sehemu moja ya amri yake iliandikwa vibaya, zikaondolewa nyingi mno, na huduma ya S3 katika eneo la Virginia ikavurugika kwa takriban saa nne. Baadaye kampuni hiyo iliongeza kinga inayozuia seva kupunguzwa chini ya kiwango cha lazima.

Kinga ya namna hiyo huwekwa pia katika faili tunazozizungumzia. Tangu toleo la 0.13 la mwaka 2020, Terraform humwezesha fundi kuweka sharti kwa kila kinachojazwa. Kwa mfano: nakala za akiba zitunzwe siku 7 au zaidi, hifadhi ya taarifa za wagonjwa isifunguliwe kwa anwani 0.0.0.0/0, yaani kwa dunia nzima.

Hata hivyo, sharti kuandikwa ni jambo moja, na kufanya kazi ni jingine. Alama moja ikigeuzwa, "siku 7 au zaidi" huwa "siku 7 au pungufu". Ndiyo maana fundi hujaza makosa kwa makusudi: siku 6, siku 0, anwani ya dunia nzima. Kila moja lazima ikataliwe, tena kwa sababu iliyokusudiwa. Kisha hujaza 7, nayo ipite. Lango linalomzuia kila mtu halina faida. Tangu toleo la 1.6 la mwaka 2023, Terraform ina amri yake ya majaribio, na majaribio haya yanaweza kufanywa katika hatua ya mpango, kabla ya kukodi seva yoyote.

Hivyo tunaziomba kamati, kabla ya kuidhinisha malipo, zidai mambo matatu: orodha ya yanayopaswa kukataliwa, matokeo ya majaribio, na ahadi ya kuyarudia kila faili inapobadilishwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Taarifa za wagonjwa na za waumini ni amana. Gharama ya kuzilinda ni siku chache tu za fundi.