Soko la Korosho Lipo

Ahadi ya kufufua korosho mmeisikia tena wiki hii, ndugu wasikilizaji: miche itagawiwa, mikorosho itapandwa. Kinachotutia wasiwasi ni kwamba hakuna aliyemtaja mnunuzi.

Mkulima wa Kilifi, awe wa Ganze, wa Magarini au wa Chonyi, akipeleka gunia lake huambiwa neno lile lile: hakuna soko. Broka humwambia hakuna soko, kisha hulipakia gunia hilo hilo kwenye lori. Kama hakuna soko, lori laenda wapi?

Soko lipo. Viwanda vya Vietnam na India hubangua korosho za Afrika Mashariki na Magharibi, na bado huagiza. Hata abiria wa barabara ya Mombasa na Malindi hutoa pesa dirishani kuzinunua. Huo ndio uhitaji: mtu anayetaka, mwenye pesa mkononi, na njia ya kumfikia. Njia ndiyo iliyozibwa. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi, na sheria ya 2013 ikaikaza marufuku hiyo. Nia ilikuwa kulisha viwanda vya nyumbani. Lakini kile cha Kilifi, kilichojengwa miaka ya 1970, kilikuwa kimeshafungwa! Mnunuzi wa nje akafungiwa bandari, wa ndani wakabaki wa kuhesabika, na wanunuzi wachache wakijuana, bei huwa yao. Mikorosho mingapi imekatwa ikachomwa makaa?

Wenzetu wa Mtwara wana taabu zao. Mwaka 2018 Rais Magufuli alikataa bei ya wafanyabiashara, akaagiza serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 za Tanzania kwa kilo, jeshi likazisomba. Hata hivyo korosho zao hukusanywa ghalani kupitia vyama vya msingi, zikauzwa mnadani, na bei ikajulikana kijiji kizima. Kwetu bei hunong'onwa shambani.

Kaunti, kabla ya miche, tupeni ghala. Tupeni mnada. Tupeni bei, nasi tutaisoma hapa kila asubuhi ya msimu. Na wewe mkulima, acha kuuza korosho zingali maua! Soko lipo. Jiungeni, pimeni kwa mizani yenu wenyewe, gunia lisitoke kabla hamjasikia bei ya pili. Ganze wakikataa bei, Chonyi wasiuze.