Msitu Nao Ni Ghala



Mashariki ya Shinyanga, kando ya Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe ambao msitu ndio shamba lao. Wanawake huchimba mizizi kwa mti uliochongwa. Ubuyu hukorogwa na maji, na mbegu zake hutwangwa. Wafugaji na wakulima walipozidi kuwaingilia, mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya ardhi yao.

Sisi wa Masumbwe tunao ukwaju, furu na uyoga, lakini twafyeka miombo kwa ajili ya tumbaku, mkaa na magogo ya machimbo. Kila katibu anapoandikisha mashamba ya msimu, aandike pia miti ya chakula isiyopaswa kukatwa. Fedha za mavuno zikiisha, msitu hutulisha. Msitu ukiisha, tutalishwa na nini?