Nyumba Kando ya Duluti: Tununue Bila Kuvunja Nyumbani

Hotuba ya kamati ya ardhi kwenye mkutano wa mwaka wa umoja wetu



Mwaka huu tumepewa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo kila mmoja wetu analisikia kwenye simu yake, yaani viwanja vya Tengeru. "Huko kwenu karibu na ziwa hakuna eneo linalouzwa?" Wanaouliza si wageni peke yao. Wengi ni sisi wenyewe, tuliozaliwa pale, tukaenda kutafuta maisha, na sasa tunataka mahali pa kurudi.

Hamu hiyo ina sababu. Tengeru iko kwenye barabara kuu ya Arusha na Moshi. Mtu anafanya kazi Arusha mchana, na jioni analala kwenye ubaridi wa Mlima Meru. Tangu barabara ya njia nne ilipojengwa kutoka Sakina hadi Tengeru, safari imekuwa nyepesi zaidi. Soko letu la Jumatano na Jumamosi linajulikana mbali. Vyuo viko jirani, na watumishi na wanafunzi wanatafuta nyumba za kupanga. Na chini ya migomba yetu kuna Ziwa Duluti, limezungukwa na msitu wenye kima, kenge na ndege wa kila aina. Nani asingetaka kujenga hapo?

Sisi hatusemi watu wasinunue. Tunasema tununue kwa namna ambayo ziwa litabaki ziwa, na ndugu watabaki ndugu.

Tuanze na ziwa. Duluti ni ziwa la kreta, shimo lililoachwa na volkano. Halina mto unaoonekana ukiingia wala ukitoka. Maji yake yanatokana na mvua na maji ya chini ya ardhi. Kwa hiyo kinachozama kwenye ardhi yetu, iwe dawa ya mimea au maji ya choo, kinaweza kufika ziwani, na hakuna mto wa kukichukua kukipeleka mbali. Msitu unaolizunguka ni hifadhi ya serikali. Hauuzwi na hauna mwenyewe wa kuuza. Dalali akikupeleka mpaka kwenye miti ile akakwambia "eneo linaishia majini", mshukuru kwa matembezi, kisha urudi nyumbani na fedha zako.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Hili si la Duluti tu. Linahusu pia kingo za mito inayopita katikati ya mashamba yetu. Anayejenga ndani ya meta hizo anajenga nyumba inayoweza kubomolewa, na hasara ni yake. Pima kwanza, ndipo umwage kokoto.

Sasa tuje kwenye shamba la nyumbani, maana hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Mashamba yetu mengi hayana hati. Mipaka yake ni masale yaliyopandwa na babu, na ushahidi wake ni kumbukumbu za wazee. Mzee akiondoka, kumbukumbu inaondoka naye. Ndipo kijana mmoja mwenye shida ya ada au matibabu anauza robo ya shamba usiku, na asubuhi dada zake wanakuta mtu anachimba msingi. Aliyenunua ana karatasi, waliorithi wana makaburi ya wazazi wao. Kesi inaenda baraza la kijiji, la kata, la wilaya, na miaka inakwisha. Hata anayeshinda hana tena ndugu wa kumzika.

Kwa hiyo kamati inawaomba wanunuzi wote, hasa walio wetu, wafuate mambo manne kabla ya fedha kutoka mkononi.

Kwanza, kaa na ukoo mzima wa muuzaji, si yeye peke yake. Mke au mume lazima aridhie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Waite na mabinti, hata walioolewa mbali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na mila haiwezi kuifuta.

Pili, waite majirani wa pande zote mtembee mipaka mchana, kila mmoja akisimama kwenye isale lake.

Tatu, nenda serikali ya kijiji au ya mtaa, na kama eneo limepimwa, nenda ofisi ya ardhi ya wilaya. Uliza kama kuna mgogoro, mkopo wa benki au mpango wa barabara juu ya eneo hilo. Barabara kuu ikipanuliwa, nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara inaondolewa.

Nne, andikeni mkataba mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na malipo yapite benki ili yaache alama.

Kwa ndugu zetu mlio nje tuna neno moja zaidi. Baadhi yenu mmechukua uraia wa nchi nyingine. Msitume fedha kabla ya kuuliza ofisi ya ardhi haki yenu ni ipi, maana ardhi kwa asiye raia ina masharti yake. Na msiandikishe kiwanja kwa jina la kaka kwa maneno ya simu tu. Kaka ni mwema leo, lakini kesho ana watoto wake, na watoto hawakuyasikia maneno yale.

Wenzetu, sisi Wameru tunajua ardhi ni nini. Mwaka 1951 wazee wetu waliondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi. Hawakuwa na fedha, lakini walichangishana. Kwa mchango huo, mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza dhuluma hiyo mbele ya dunia. Hawakurudishiwa ardhi papo hapo, ila dunia ilisikia, na Tanganyika nzima ilijifunza kudai haki. Wazee walitoa walichonacho kupigania ardhi iliyochukuliwa na wenye nguvu. Sisi leo hatunyang'anywi na mtu. Tunaimega wenyewe, kipande kwa kipande, bila kikao.

Ndiyo maana harambee ya mwaka huu ni ya upimaji. Familia moja ikimwita mpimaji peke yake, gharama ni nzito. Familia za kitongoji kizima zikipima pamoja, gharama inagawanyika. Tunaomba michango ili tuanze na mashamba yanayopakana na msitu wa ziwa, kisha tupande juu. Familia za wajane na yatima zitasaidiwa kwanza. Sehemu ya mchango itanunua miche ya miti ya asili kwa wenye mashamba ya kando ya mito, ili zile meta 60 zisibaki wazi.

Asiye na fedha nyingi atoe siku moja. Aje atembee mipaka na wazee wakiwa hai, aandike majina ya masale na nani alipanda wapi. Na anayetaka kujenga karibu na Duluti, karibu sana. Njoo kwa mlango wa mbele, mchana, familia ikiwa imekaa na majirani wakishuhudia. Utapata kiwanja, na utapata watu wa kukusalimia kila asubuhi.